Sweta la sufu limerudi saizi ya mtoto, naombeni msaada

Mama Nasra, Aberdeen

Shikamooni wakubwa, na habari zenu wote.

Nina miezi mitano hapa Aberdeen, Uskoti, nimekuja kwa masomo ya uzamivu. Juzi nilinunua sweta zuri la sufu kwenye duka la mitumba la chariti, pauni 6. Nikalitia kwenye mashine na nguo nyingine, maji ya moto. Limetoka gumu kama kipande cha zulia, haliingii hata kwa binti yangu wa miaka 7. Je, linarudi?

Jambo la pili: nyumbani Tanga nilikuwa nafuma vitambaa vya makochi kwa kroshia, na wateja nilikuwa nao. Naona hapa kofia za kufumwa kwa mkono zinauzwa bei nzuri. Naweza kuanza?

Mama Khamis, Lerwick

Marahaba mwanangu, na pole.

Halirudi. Unywele wa kondoo una magamba madogo sana. Maji ya moto na kule kusukwasukwa hufanya magamba yakamatane, na yakishakamatana hayaachani. Lakini usilitupe. Ukilikata sasa halifumuki, basi mkatie mtoto soli za kuweka ndani ya buti. Januari utanikumbuka.

Sweta jingine ukipata, loweka kwenye maji ya vuguvugu na sabuni laini. Usisugue, usikamue kwa kusokota. Livingirishe ndani ya taulo, likandamize, kisha litandaze juu ya taulo kavu. Ukilitundika mikono itavutika mpaka magotini. Jirani yangu huku Shetland, visiwa vya kaskazini mwa Uskoti, ana fremu ya mbao yenye umbo la mtu aliyenyoosha mikono. Sweta bichi analivalisha hapo mpaka likauke, na linakauka na umbo lake.

Sasa kuhusu kufuma, hapa nataka unisikilize vizuri. Wengi wetu tunadhani kroshia ya nyumbani haina kazi huku kwa sababu wenzetu wanatumia sindano. Si kweli. Nilipofika Lerwick miaka 11 iliyopita nilikuwa mpweke vibaya, zamu za usiku na giza la saa tisa alasiri. Mama mmoja mzee niliyekuwa namhudumia ndiye aliyenifundisha kufuma kwa mtindo wa Fair Isle, kile kisiwa kidogo kilicho kusini mwetu. Sweta lile ukilitazama utadhani lina rangi 10 kwa wakati mmoja, kumbe kila mstari una rangi mbili tu. Ile isiyotumika inapita kwa nyuma, ndiyo maana sweta linakuwa kama la tabaka mbili na linashinda upepo. Njia nyepesi ni kushika rangi moja kwa mkono wa kulia na nyingine kwa mkono wa kushoto. Mfumaji wa kroshia tayari anashika uzi kwa kushoto! Yule mama alipoona mkono wangu ulivyoshika uzi, akaniambia nusu ya somo nimeshafaulu.

Kitu kilichonitisha ni mkasi. Wanafuma mwili mzima kwa mzunguko kama gunia lisilo na mshono, halafu wanakata kwa mkasi mahali pa mikono. Nilifumba macho. Lakini sufu ya Shetland ina nywele zinazoshikana, haifumuki ovyo. Usijaribu kwa uzi wa pamba.

Uzi anza na madonge ya duka la chariti, ila angalia namba ya kundi la rangi kwenye karatasi. Namba zikitofautiana, rangi pia hutofautiana. Siku ukiwa na nafasi, panda meli ya usiku kutoka hapo Aberdeen uje kwetu mwisho wa Septemba, wakati wa Wiki ya Sufu ya Shetland. Imeanza mwaka 2010. Nitakupokea.

Tafadhali usiombe kupunguziwa bei ya sweta la mkono. Wanawake wa huku walilipwa kwa chai na vitambaa badala ya pesa kwa miaka mingi, mfanyabiashara akipanga bei zote mbili, ya kazi yao na ya bidhaa zake. Serikali ilichunguza jambo hilo mwaka 1872. Mimi nikifikiria macho yao kwenye taa ya mafuta ya samaki, siwezi kusema "punguza".

Kuhusu kuuza: viza ya mwanafunzi hairuhusu kujiajiri. Kufungua biashara ya kofia mtandaoni ni kujiajiri. Fuma, vaa, toa zawadi, lakini usiuze. Kama baba Nasra yupo kwa viza ya mtegemezi, yeye kwa kawaida anaruhusiwa. Asome masharti yake kwanza.

Baba Swaleh, Glasgow

Naunga mkono, na naongeza kwa wale wenye ruhusa. Mauzo yakiwa hayazidi pauni 1,000 kwa mwaka wa kodi, kabla ya kutoa gharama, hayatozwi kodi. Wanasesere wa kufumwa wana sheria yao ya usalama, msiwauze kienyeji.

Na wale mnaoshona mikoba ya kitenge na twidi, kile kitambaa kizito cha sufu: jina Harris Tweed linalindwa na sheria ya Bunge ya mwaka 1993. Lazima kitambaa kiwe kimefumwa kwa mkono nyumbani kwa mfumaji, katika visiwa vya Outer Hebrides, magharibi mwa Uskoti, kwa sufu iliyotiwa rangi na kusokotwa hukohuko. Nunueni kitambaa halisi chenye nembo yake, mpewe na lebo.

Mke wangu anawakumbusha pia kwamba ile korosho ya kwenye kanga, Waingereza huiita kwa jina la mji wa Paisley, hapa jirani yetu. Wafumaji wa Paisley walikuwa wakiiga shali za Kashmir katika karne ya 19. Tulipita pale na kanga yake begani, akasimamishwa njiani na bibi mmoja aliyetaka kuishika tu.

Mama Nasra, Aberdeen

Ahsanteni sana. Soli nimeshakata, pea mbili. Jumamosi nimeenda kwenye kikundi cha kufuma maktaba, nimekaa masaa mawili na nusu. Mama Khamis, mkono wa kushoto umekubali. Wa kulia ndio unabana uzi mno, kitambaa kinajikunja. Nifanyeje?

Mama Khamis, Lerwick

Tandaza vitanzi kwenye sindano kabla ya kubadili rangi, uzi wa nyuma upate nafasi ya kunyooka. Nitumie picha ya upande wa ndani, si wa nje.