Tupeane uzoefu: mliwafundishaje wanafunzi ufunguo wa utambuzi wa viumbe hai mpaka wakauelewa?

Chaki Nyeupe (mleta mada)
Wakuu, salaam. Nafundisha baiolojia kidato cha pili, darasa lina watoto 74. Uainishaji wenyewe hauna shida: falme tano, sifa za kila kundi, Linnaeus na majina yake mawili ya Kilatini, wanaimba kama kaswida. Nikifika kwenye ufunguo wa utambuzi, ule wa hatua zenye sentensi mbili zinazopingana, 1a na 1b, unachagua moja na kusonga hatua kwa hatua hadi ujue kiumbe ni kipi, darasa linapoa. Juzi niliwapa panzi, buibui, jongoo, konokono na mjusi watunge ufunguo wao. Kundi moja likaniandikia: "1a. Ni mdudu mkubwa. 1b. Ni mdudu mdogo." Sikujua nianze kusahihisha "mkubwa" au "mdudu". Mliovuka hapa, mlivukaje?

Mama Maabara
Anza na mdudu, mkuu. Kwetu mdudu ni chochote kinachotambaa, hadi minyoo. Mimi niliacha kubishana. Napanga vielelezo kwenye sinia, nasema hesabuni miguu. Panzi jozi tatu, buibui jozi nne, hapo hawasumbui. Wakifika kwa jongoo na tandu wanataka kulia, ndipo nawaambia waache kuhesabu yote, watazame pingili moja ya katikati. Tandu ana jozi moja, jongoo ana mbili. (Tandu nawapa aliyekwisha kufa, yumo kwenye chupa ya spiriti. Msije mkaniletea kesi ya wazazi.)

"Mkubwa" nimeipiga marufuku darasani, pamoja na "mzuri", "wa kawaida" na rangi. Panzi wa kijani leo, kesho wanakuletea wa kahawia.

Kocha wa Zamu
Wangu walikuwa hawajui ufunguo uwe na hatua ngapi. Nikawauliza: kombe la mtoano lenye timu 8 lina mechi ngapi mpaka bingwa apatikane? Wakapiga hesabu, 4, 2, 1, jumla 7. Basi vielelezo 8 ni hatua 7, vielelezo 5 ni hatua 4. Kila hatua inatenganisha mara moja, kama kila mechi inavyotoa timu moja. Tangu siku hiyo, mtu akimaliza na hatua 6 kwa vielelezo 5 anajishtukia mwenyewe kabla sijafika mezani kwake.

Mwana wa Pwani
Mimi niliaibishwa na mtoto wa mvuvi, na nashukuru. Nilinunua sokoni changu, papa mdogo, taa, pweza na ngisi. Ufunguo nikautunga usiku, nikajiamini. 1a: ana mapezi, nenda hatua ya 2. 1b: hana mapezi, nenda hatua ya 4, kwa pweza na ngisi. Kijana akanyoosha mkono: "Mwalimu, shikamoo, lakini ngisi ana mapezi." Akamgeuza, akatuonyesha yale mawili ya nyuma. Kweli tupu! Nimekula ngisi maisha yangu yote.

Tukafuta, tukaandika 1a: ana mikono inayotoka kichwani. Kisha ngisi tukamtenga na pweza kwa hesabu, pweza mikono 8, ngisi 8 na mingine mirefu 2. Kwa papa na changu, wengi walitaka kuandika gegedu na mfupa. Nikawauliza, utauonaje mfupa bila kisu? Tukatumia matamvua: ya changu yana kifuniko, papa ana mipasuko iliyo wazi ubavuni. Na taa? Mgeuze, mipasuko iko chini, upande wa tumbo. Vielelezo vilivyobaki viliishia kwenye mchuzi wa walimu.

Ngeli ya A-WA
Mimi ni wa Kiswahili, nimeingia kuchungulia tu. Mnasahau kwamba watoto wameshaainisha kabla hamjawafikia. Waulize kwa nini tunasema "kiboko mkubwa anaoga" na si "kiboko kikubwa kinaoga", ilhali neno limevaa ki- kama kikombe. Watakwambia kwa sababu ana uhai. Umbo linasema hivi, tabia inasema vile. Hapo unaingiza popo: ana mabawa, lakini anazaa na kunyonyesha.

Na chungeni neno manyoya. Ya kuku ni manyoya, ya kondoo nayo ni manyoya. Mtoto anayefikiri Kiswahili kisha anaandika Kiingereza chenu, "ana manyoya" yake itazoa kuku na paka pamoja. Mpe vinyweleo kwa paka.

Jirani wa Kenya
Huku kwetu majani ndiyo yanaweza kukutokea kwenye karatasi ya tatu ya KCSE, mtihani wetu wa kumaliza sekondari, ile ya vitendo. Muhogo unawaangusha wengi. Wanaona vidole, wanaandika jani changamano. Mimi huwaambia wafuate kila kidole hadi chini: kwenye muhogo vidole vinaungana, ni jani moja lililochanwa sana. Kwenye msufi kila kijani, yaani jani dogo, kimejitenga hadi kwenye kikonyo, hilo ndilo changamano. Mwarobaini ni changamano pia, ila vijani vyake vimepangwa kama unyoya, na kingo zina meno kama msumeno. Chuma asubuhi ile ile! Niliwahi kuchuma jioni, kesho yake kundi moja likaandika "1a. Jani limenyauka."

Chaki Nyeupe (mleta mada)
Nimerudi, wakuu. Leo kila kundi limetunga ufunguo, kisha nikawapa jirani zao waufuate bila kuuliza swali. Kundi moja wamefika kwa mjusi wakiwa wameshika buibui. Chanzo: wenzao waliandika "ana miguu minne" wakimaanisha jozi nne. Wamegombana wenyewe, mimi nimekaa kimya. Dakika arobaini hazijatosha.

Kesho ni majani. Muhogo ninao, msufi hakuna hapa. Nyuma ya jiko la shule kuna mbuyu, utafaa?

Jirani wa Kenya
Unafaa sana, mwalimu, vijani vyake vinatokea sehemu moja kama vidole. Ila chuma kwenye mti mkubwa, usichukue mche, kwa sababu mche wa mbuyu una majani sahili, yasiyogawanyika kuwa vijani, na utawachanganya. Na kama huko ni kiangazi, angalia kwanza. Huenda umeshapukutika wote.