Mjadala: Serikali inunue tarakilishi kuu ya pamoja, au itulipie saa za kukodi?

Kasuku wa Ngara
Mkakati wa kitaifa wa Kenya wa akili unde wa 2025 hadi 2030 unataja miundombinu ya humu nchini. Tuseme zinunuliwe GPU (chipu za kukokotoa akili unde) 256 aina ya H100 ya Nvidia, yaani seva 32 zenye nane nane, vyuo na kampuni changa zigawane kufundishia modeli, yaani programu za akili unde. Au pesa hizo ziwe saa za kukodi mitambo ya wengine, kila mradi na mgao wake. Mimi niko upande wa kununua. Leteni hesabu, matusi baadaye.

Mhazini wa Kayole
Hesabu hii hapa. Seva moja ya aina hiyo hula hadi kilowati 10.2. Mara 32 ni 326. Ongeza asilimia 30 ya kupoza, unafika 424. Kwa mwaka ni uniti milioni 3.7. Weka shilingi 20 kwa uniti, unapata milioni 74 hivi, na fundi hujamlipa. Tena chipu hizi huzeeka haraka: A100 ilitoka 2020, H100 2022, Blackwell ikatangazwa 2024. Zabuni ikilala mezani miaka miwili, mnapokea mtambo ambao wenzenu wanauaga. Na tusidanganyane: vijana wetu wa vyuo wataomba GPU nane, watumie moja, saba zikae zikila stima bure.

Juja_Kimya
Hiyo ya mwisho umeitoa wapi? Kuomba nane na kutumia moja ni dalili ya mtambo usiosimamiwa. Slurm, programu ya kugawa kazi kwenye mtambo, inahesabu GPU uliyoomba hata ikilala, kwa hiyo mgao wa mwezi unaisha wenyewe. Kazi ambayo GPU zake zimekaa chini ya asilimia 5 kwa nusu saa, ikatwe na mwenyewe aandikiwe. Mara nyingi kosa ni dogo tu: ameanzisha programu kwa `python` badala ya `torchrun`, inaishia kwenye GPU moja. Aliyekatwa mara mbili harudii.

Mhazini wa Kayole
Nimetaja vyuo, wewe ukaitika. Nani alikuita?

Juja_Kimya
Umesema "vijana wetu" kwa dharau. Kukodi kwako nako kutatumiwa na nani, wazee wa hazina?

Fundi Waya
Mkimaliza kuvimbiana, tuongee stima. Tarehe 25 Agosti 2023 nchi ilizima, hata uwanja wa ndege wa JKIA ukawa giza. Novemba tena, Desemba tena. Watu hudhani UPS (betri za dharura) na jenereta zinamaliza kazi. Stima ikikatika, UPS inashika seva, jenereta inawaka ndani ya nusu dakika, kila mtu anapumua. Lakini mashine za kupoza maji hazikuwa kwenye UPS. Zimezima, na zikirudishiwa stima zinajikagua kwanza, dakika kadhaa. Wakati huo seva zinamwaga kilowati 300 za joto kwenye chumba kilichofungwa. GPU zinapunguza kasi, kisha zinajizima. Dawa ni tangi la maji baridi, na pampu zake ziwe kwenye UPS. Tangi halipendezi kwenye picha za ufunguzi, ndiyo maana hukatwa mapema bajeti ikibana.

Mpita Njia Dar
Samahani wakuu, "tarakilishi" ndiyo nini? Huku tunasema kompyuta.

Kasuku wa Ngara
Neno la vitabu vya shule, ndugu. Aliyefanya mtihani wa KCSE wa kumaliza sekondari analijua, hata kama halijawahi kumtoka mdomoni dukani.

Mpita Njia Dar
Sasa hiyo modeli mtaifundisha Kiswahili kipi, cha mtihani au cha matatu?

Juja_Kimya
Vyote. Na chenu pia, msijali.

Mpita Njia Dar
Chetu mtakiharibu.

Shangazi Hesabu
Mgeni ameuliza zaidi ya alivyokusudia. Modeli nyingi hukata maneno kwa kamusi ya tokeni (vipande vya maneno) iliyoelemea Kiingereza. "Hawakutuambia" kwetu ni neno moja. Kwa modeli ni vipande kadhaa, na kila kipande kinakula muda wa GPU. Kupanua kamusi hiyo, kisha kuendelea kuifundisha modeli ya vigezo (namba inazojifunza) bilioni 8, ndiyo kazi ya mtambo wa ukubwa huu. Uzito, gradienti na hali za Adam, yaani namba zote zinazoshikwa wakati wa kufundisha, hutaka kama baiti 16 kwa kigezo, yaani gigabaiti 128. H100 moja ina 80. Kwenye moja inaingia LoRA tu, yaani kufundisha vigezo vichache vya nyongeza.

Mhazini wa Kayole
DeepSeek wa Uchina walifundisha modeli yao kwa dola milioni 5. Kodi, fundisha, rudisha.

Shangazi Hesabu
Ni milioni 5.6, na ni za mafunzo ya mwisho ya modeli yao ya V3 peke yake, kwa bei ya kukisia ya dola 2 kwa saa ya GPU moja. Majaribio ya kabla hayamo. Zilikuwa GPU 2,048 aina ya H800, jumla ya saa za GPU milioni 2.788. Kwa GPU 256 ni siku 450 hivi bila kupumzika. Kwa hiyo wote wawili mwache ndoto ya kuanza modeli kubwa kutoka sifuri.

Mhazini wa Kayole
India basi. Krori 10,372 za rupia (krori ni milioni 10) za kukodi.

Juja_Kimya
Hizo ni za mpango mzima wa IndiaAI wa 2024, data na mafunzo ya watu yakiwemo. Mitambo ni ya kampuni binafsi, serikali inabeba hadi asilimia 40 ya bei. Kwanza taja ni kampuni gani hapa Nairobi ina GPU za kutosha kukodishia taifa.

Fundi Waya
Mmesahau hifadhi. Hali kamili ya hiyo modeli ya bilioni 8, ile unayohifadhi ili kazi isipotee ikikatika, ni zaidi ya gigabaiti 100. Kwa waya wa gigabiti 10 ni dakika moja na nusu. Kila mtu huweka ratiba ya kuhifadhi saa kamili. Kumi na wawili wakigongana, dakika 18 GPU zinaangaliana. Mkinunua, anzeni na hifadhi. Mkikodi, ulizeni bei ya kuzitoa data zenu huko.

Kasuku wa Ngara
Nilikuwa nimeuliza kununua au kukodi.

Mhazini wa Kayole
Kukodi.

Juja_Kimya
Wewe subiri kwanza, ya "vijana wetu" hujaijibu.