Nimechoka kuambiwa nivumilie: kelele ya mashine ya mume wangu tuliuziwa dukani

Wanajukwaa, naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Ni miezi minne sasa tangu mume wangu aanze kulala na mashine ya CPAP, ile inayosukuma hewa puani kupitia barakoa, na katika miezi hiyo yote kila niliyemweleza kwamba silali amenijibu kwa neno moja tu: vumilia. Duka lililotuuzia liliniambia nivumilie, wifi yangu akaniambia nivumilie, na hata humu humu nimesoma mama mmoja akiuliza swali kama langu, akajibiwa kwamba mke mwema hahesabu kelele za mumewe. Wiki iliyopita nimejua kelele hiyo ilitoka wapi. Ilitokana na uzembe wa mtu, na uzembe huo tuliulipia shilingi 85,000.

Nianze na sababu ya mashine, ili asitokee wa kunishauri niitupe. Baba Chela ni dereva wa matatu kati ya Nakuru na Eldoret. Amekoroma tangu tuoane, nami nilizoea, kwa maana mkoromo una mdundo wake na mtu anaweza kulala juu ya mdundo. Kilichonitisha mwaka jana ni kimya. Mkoromo ulikuwa ukikatika ghafla, kifua kikiendelea kupanda na kushuka lakini hewa haipiti, nami nikilala macho nikihesabu hadi kumi na tano, hadi ishirini, kisha anashtuka na kuvuta pumzi kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Mchana alikuwa akisinzia na kikombe cha chai mkononi. Jioni moja wakishuka mteremko wa Salgaa, makanga wake alilazimika kumpiga begani, na gari lilikuwa na abiria kumi na wanne. Ndipo akakubali kupimwa. Kipimo cha usingizi kilionyesha kwamba pumzi yake ilikuwa ikikatika au kupungua mara 41 kwa saa, na daktari akatueleza kwamba kuanzia mara 30 hali huhesabiwa kuwa kali: misuli ya koo hulegea usingizini, njia ya hewa huziba, oksijeni hushuka kwenye damu, na ubongo humwamsha mgonjwa mara nyingi bila yeye mwenyewe kukumbuka. Kwa hiyo mashine ni lazima. Mimi ndiye niliyemsihi ainunue, kabla hata wifi yangu hajajua kwamba ipo.

Sasa kelele. Wale wanaosema ni sauti ndogo tu waje walale chumbani kwangu saa tisa usiku. Ilianza kwa mluzi mwembamba, kama wa birika linalokaribia kuchemka, ukitoka kando ya pua yake mahali ambapo barakoa haikukaa vizuri. Akigeuka upande, mluzi ulikuwa ukigeuka mfoko, na hewa baridi ikinipiga moja kwa moja usoni. Akifungua mdomo, hewa iliyoingia puani ilikuwa ikitokea mdomoni na kupapatisha midomo yake kama karatasi iliyonaswa kwenye feni. Karibu na alfajiri, hasa mwezi wa Julai ambapo baridi ya Nakuru haina mchezo, mvuke uliotoka kwenye kikopo cha maji cha mashine, kile kinacholainisha hewa, ulikuwa ukigeuka matone ndani ya mpira unaopeleka hewa kwenye barakoa, na mpira ukaanza kukoroga kama mtu anayemalizia soda kwa mrija. Na mashine yenyewe tulikuwa tumeiweka juu ya kabati tupu la mbao, tusijue kwamba kabati la namna hiyo huikuza sauti kama ngoma. Mimi ni mwalimu, na saa mbili kamili asubuhi natakiwa kusimama mbele ya watoto hamsini na watatu. Mwezi wa pili niliwahi kusahihisha daftari moja mara mbili na kulipatia alama tofauti.

Nililipigia simu duka hilo mara sita. Mara ya kwanza kijana aliyetuuzia alinijibu, "Madam, hiyo ni kawaida, mzee atazoea baada ya wiki mbili." Nikamweleza kwamba mzee amezoea, asiyezoea ni mimi, naye akacheka. Mara ya tatu alinishauri tukaze mikanda ya barakoa. Tukaikaza, mume wangu akaamka na alama nyekundu mashavuni na kidonda juu ya pua, na mluzi ukazidi. Baadaye nimeelezwa kwamba ndivyo inavyokuwa: mto wa silikoni wa barakoa umeundwa ujazwe hewa kidogo ndipo uzibe vizuri, na ukiukandamiza kupita kiasi hujikunja na kufungua mianya mipya. Muuzaji wa kifaa hicho alipaswa kulijua jambo hilo kabla yangu. Alipaswa pia kumlaza mteja wake chali, kuiwasha mashine na kuangalia barakoa inakaaje hewa inapopita, kwa sababu uso wa mtu aliyelala si uso wa mtu aliyesimama kwenye kaunta. Siku tuliyonunua, barakoa alipimwa kwa macho. Kijana alimtazama mume wangu na ndevu zake, akasema, "Mzee, wewe ni saizi kubwa," akachukua M-Pesa.

Hapa nikiri kosa langu, kwa sababu lingeweza kutuletea msiba. Mwezi wa tatu niligundua kwamba sehemu ya ile sauti ya "sss" ilikuwa ikitoka kwenye vitundu vidogo mbele ya barakoa. Nikaviona kama hitilafu, nikachukua plasta ya jeraha na kuviziba. Asubuhi yake wifi yangu muuguzi, si yule wa kunivumilisha, alikuja kuchukua mtungi wa gesi, akaiona barakoa kitandani, akaibandua ile plasta bila kusema neno. Kisha akanieleza kwamba vitundu hivyo ndivyo vinavyotoa nje hewa chafu ya kaboni ambayo mgonjwa ameshaipumua, na kwamba kuviziba ni kumfanya airudie pumzi yake mwenyewe. Mume wangu alikuwa ameivaa hivyo kwa usiku mmoja. Nimeisoma karatasi yote tuliyopewa dukani, ambayo ni risiti, na sikuona onyo lolote la namna hiyo.

Ndiye huyo wifi aliyetusukuma turudi kule tulikopimiwa, na ndiko nilikopata hasira hii niliyo nayo. Mtaalamu aliiwasha mashine, akabonyeza mara mbili tatu, akaniuliza iwapo nina barua ya daktari. Nilikuwa nayo. Barua ilisema shinikizo la hewa, yaani nguvu ambayo mashine inaisukuma nayo, liwe 9 kwa kipimo kinachoitwa sentimita za maji. Mashine ilikuwa imewekwa 16. Mashine hizi kwa kawaida huanzia 4 na kuishia 20, kwa hiyo mnaweza kuona ni pengo gani. Ile 16 ilikuwa ya mgonjwa mwingine, mtu tusiyemjua, ambaye aliitumia mashine hiyo kabla yetu, na duka halikujishughulisha hata kuigusa. Tuliambiwa imetumika "kidogo tu." Kihesabu cha saa kilichomo ndani yake kilisoma zaidi ya saa 11,000, ambazo kwa mtu anayelala saa nane kila usiku zinakaribia miaka minne. Kwa shinikizo la namna hiyo, hakuna barakoa kubwa kupita uso ambayo ingeacha kufoka. Na lile tumbo lililokuwa likimjaa gesi kila asubuhi, ambalo nililaumu maharagwe hadi nikaacha kuyapika, lilikuwa hewa aliyokuwa akiimeza usiku kucha.

Mtaalamu aliishusha hadi 9, akambadilishia mume wangu barakoa ya saizi ya wastani aijaribu akiwa amelala, akafungua mlango wa kichujio. Kichujio kilikuwa cheusi kama kitambaa cha kupangusia sufuria. Mji huu wenyewe husemekana umepewa jina kutokana na neno la Kimaasai linalomaanisha mahali pa vumbi, na sisi tunaishi kando ya barabara isiyo na lami. Ilikuwaje muuzaji wa Nakuru asituambie kwamba mashine inayovuta hewa ya Nakuru ina kichujio cha kuangaliwa? Kikiziba, mota hutumia nguvu zaidi, na mota inayohangaika hupiga kelele.

Nilisoma mahali kwamba mashine ya kwanza ya aina hii ilibuniwa na daktari Colin Sullivan kule Sydney, Australia, mwaka 1980, kwa kutumia mota ya kifyonza vumbi. Wake wa wagonjwa wale ningewaelewa wakivumilia, kwa kuwa hapakuwa na namna nyingine. Mashine za leo huandikwa kwenye karatasi zake kwamba sauti yake ni kama desibeli 30 au chini ya hapo, yaani kiasi cha mnong'ono. Ukiisikia kutoka sebuleni, kuna kitu kimeharibika na mtu anapaswa kukirekebisha.

Tangu siku hiyo mume wangu amenyoa ndevu ili barakoa imkae vizuri, baada ya mabishano ambayo sitayaandika hapa. Mashine imeshuka kutoka kabatini hadi kwenye stuli, chini ya usawa wa kichwa chake, ili maji yakijikusanya yarudi kikoponi badala ya kumfuata usoni, na mpira tunaupitisha chini ya blanketi usipoe. Juzi niliamka saa kumi usiku kwa mazoea, nikasikiliza, nikasikia pumzi yake tu na mbwa wa jirani. Sikulala tena kwa hasira ya kuhesabu usiku nilioupoteza.

Mume wangu anasema tuyaache yapite, kwa kuwa sasa tunalala. Mimi sikubali. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa ya ubora unaofaa na maelezo anayohitaji ili aitumie vyema, na kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012. Jumatatu, baada ya kipindi cha mwisho, nitaingia dukani humo na barua ya daktari, risiti, na picha ya skrini inayoonyesha zile saa 11,000. Nataka bei ya mashine ipunguzwe ilingane na umri wake na fedha za ile barakoa kubwa zirudishwe, na nataka kijana yule aniambie ni wateja wangapi wengine wamelala na shinikizo la watu wasiowajua.

Kwa hiyo naomba mambo mawili tu kutoka kwenu. Aliyewahi kudai fedha zake kwa duka la vifaa vya tiba hapa Nakuru aniambie alianzia ofisi gani. Na anayejua panapouzwa mto wa silikoni wa barakoa ya pua peke yake, bila kulazimishwa kununua barakoa nzima, aniandikie. Wa kunishauri nivumilie asijisumbue.