Naomba ushauri: ndoa ya pili ya mfumaji wa Paisley haionekani

Habari zenu wanajamvi, hasa mnaozoea kumbukumbu za Uskoti.

Nafuatilia kaya ya mfumaji wa shali mjini Paisley. Sensa ya 1841 inaonyesha mume miaka 40, mke 35, watoto watatu. Ya 1851: mume 54, mke 33, na mtoto mpya wa miaka 2. Umri wa mume haunisumbui, kwani 1841 watu wazima walishushwa hadi kwenye tano ya karibu, hivyo 44 huandikwa 40. Lakini mke hawezi kuwa yule yule. Shida ni kwamba 1841 hawakuandika uhusiano wa wakaazi, hivyo hata huyo wa kwanza nakisia tu kuwa alikuwa mke.

Nimepitia daftari za ndoa za parokia za Paisley (za kanisa rasmi la Uskoti), 1841 hadi 1851: hakuna kitu. Nawaza mambo mawili: huenda walihamia Free Church, kanisa lililojitenga na kanisa rasmi katika mgawanyiko wa 1843, au walioana kwa kutamkiana tu mbele ya mashahidi, jambo lililokuwa halali Uskoti hata bila mchungaji.

Sensa ya 1861 ina mtoto wa miaka 5. Akiwa wa 1855 nimepona, maana vyeti vya kuzaliwa vya mwaka huo vinataja tarehe na mahali wazazi walipooana. Vya 1856 hadi 1860 havitaji. Fahirisi ya vizazi ya Paisley ya 1855 haina jina lake.

Naomba kuuliza: nianze na daftari za Free Church au za baraza la wazee wa kanisa? Na fahirisi ya 1855 niipanue hadi Glasgow?

Natanguliza shukrani.