Bi Tumpe hajafukiwa, mtu ananiambia "tutamzika baadaye"?!

Mwandishi wa Isyesye:

Wakuu, nimeshindwa kulala. Saa 8 usiku, huku Isyesye, Mbeya, baridi inaingia mpaka kwenye mfupa, na mimi nimekaa kitako kitandani nabonyeza simu kwa hasira.

Ni huyu msomaji mmoja wa humu jukwaani, simtaji. Hakuna haja. Kila anayefuatilia simulizi humu anamjua. Hadithi yoyote yupo, sehemu yoyote yupo, ukipandisha tu kashatua kama nzi kwenye kidonda.

Jana saa 2 usiku nimepandisha sehemu ya 27 ya simulizi yangu. Waliosoma wanajua, hapo ndipo Bi Tumpe anazikwa. Huyu mama nimetembea naye tangu sehemu ya 1. Mazishi yake nimeyaandika siku 9, kwa simu iliyopasuka kioo upande wa kulia, herufi p haikubali mpaka uibonyeze mara tatu, na jina lenyewe ni Tumpe! Nimeweka mvua ya Tukuyu, ile inayoanza alfajiri na haikuombi ruhusa mpaka usiku. Nimeweka wanaume wanachota maji kaburini kwa sado, wanachota yanajaa, wanachota yanajaa, jeneza limesubiri chini ya migomba. Halafu kijana wake wa mwisho anavua nguo yake moja anataka kumfunika mama asilowe. Siisemi ni nguo gani. Aliyesoma anaijua. Nilipofika hapo nililia, nikaweka simu chini, nikarudi kesho yake.

Dakika mbili baada ya kupandisha. Dakika MBILI. Jamaa huyo hapo:

"Tupia inayofuata, huyo mama tutamzika baadaye."

TUTAMZIKA BAADAYE!

Maneno 2,300 kayamaliza kwa dakika mbili, macho yake yanatumia dizeli? Hajasoma! Kaona mstari wa kwanza kuna msiba, kashuka mpaka chini kama lori lililokatika breki mteremko wa Kitonga. Huyu hata kwenye msiba wa kweli atamwambia mchungaji aruke mahubiri tufike kwenye wali. Na kinachoniuma zaidi, watu 60 wamemwekea kicheko. Sitini! Ukoo mzima umekuja kuchekea jeneza.

Nimehesabu komenti za sehemu hiyo, ziko 41. Thelathini ni "endelea", "mbona fupi", na nukta tupu ili mtu asiupoteze uzi. Sita ni vikopakopa vyekundu, kwenye mazishi. Nne ni "nishtue ikiisha". Moja iliyobaki ni yake.

Jamani, sisi hatulipwi. Hakuna mhariri, hakuna gazeti, bando tunanunua wenyewe. Kitu pekee kinachoturudia ni neno la msomaji. Wala siombi sifa. Sehemu ya 6 nilimpandisha Ambokile treni Iringa mjini aje Mbeya. Dada mmoja akaniandikia kwa upole kabisa: "Kaka, TAZARA haipiti Iringa mjini. Inatoka Mlimba, inapanda mpaka Makambako, ndiyo inakuja huku. Mpandishe basi kwanza." Nikarekebisha usiku uleule. Sasa ile safari ya basi ndiyo ikanipa yule konda wa Mafinga mnayempenda wote. Konda hakuwepo! Kazaliwa na komenti ya mtu aliyesoma!

Na yupo mama mmoja, sehemu ya 14, aliandika hivi tu: "Hapo aliposhika komeo bila kufungua, nimemkumbuka marehemu mume wangu." Basi. Ile komenti nimeisoma hata sijui mara ngapi. Nikiishiwa nguvu naifungua, naisoma, naendelea kuandika.

Halafu wewe, tutamzika baadaye. Baadaye lini? Maji yanajaa kaburini!

Sehemu ya 28 ninayo, imeisha, ipo kwenye simu. SIIPANDISHI. Siipandishi mpaka atokee mtu mmoja, mmoja tu, aniambie yule kijana alivua nini.

Kinyozi wa Kabwe:

Mbona ndefu hivi. Kafa nani?

Mla Ndizi:

Hahaha "tutamzika baadaye"! Mkuu samahani, nipo kwenye daladala ya Uyole, nimecheka mpaka mama wa pembeni kahamisha kikapu chake. Ila jamaa ana mdomo.

Mwandishi wa Isyesye:

Mla Ndizi, unacheka. Umeisoma sehemu ya 27?

Mla Ndizi:

Nasubiri ifike mwisho nizisome kwa mpigo.

Mwandishi wa Isyesye:

Mnaona? MNAONA?

Arosto Sugu:

Mimi nitasema ukweli hata nikitukanwa. Waandishi ndio wakatili. Kuna mmoja, mnamjua, alituacha sehemu ya 19 binti kashikwa shingo dirishani. Huu mwaka wa pili sasa, binti bado kashikwa shingo. Halafu akatangaza anayetaka mwendelezo atume buku. Nikatuma buku. Binti sijamwona, buku sijaiona. Sasa mtu kama mimi nikiandika "endelea" unaniita nzi? Ninaandika "endelea" kwa sababu nimeumwa na nyoka, kila nikiona kamba naruka.

Kipusa wa Soweto:

Arosto umesema yote. Buku yangu pia ilikwenda na upepo.

Dada Mufindi:

Afadhali nyie mnaombwa muendelee. Mimi hadithi yangu nimeikuta kwenye kundi la watu wengine, jina langu limefutwa, Mafinga imegeuzwa Mbezi ya Dar, na chini komenti 200 "hongera mwandishi, una kipaji". Mwizi mwenyewe anajibu "asanteni wapenzi". Hakuhangaika hata kusoma alichoiba. Kaacha ukungu wa asubuhi, kaacha chai mashambani, kaacha watu wanagema ulanzi, pombe ya mianzi. Mbezi! Ulanzi unagemwa Mbezi! Na katika hao 200 hakuna hata mmoja aliyeuliza mianzi imetoka wapi. Hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko wizi.

Kinyozi wa Kabwe:

Dada hiyo ya Mbezi imenimaliza. Weka hapa tuisome.

Dada Mufindi:

Ipo sehemu 33, imekamilika, bure. Niambieni tu mkiona kosa.

Mkulima Mstaafu:

Mimi huyu mleta mada nilimwacha sehemu ya 11. Kaandika mwezi wa 7 watu wamekaa Uyole wanachoma mahindi mabichi. Mwezi wa 7 Uyole mahindi yako ndani, shambani kuna mabua na umande tu. Nikasema huyu hajawahi kushika jembe, nikafunga.

Dada Mufindi:

Shikamoo mzee. Lakini vinyungu je? Huku kwetu kiangazi tunalima mabondeni.

Mkulima Mstaafu:

Marahaba mwanangu. Vinyungu mwezi wa 7 ndiyo kwanza unapanda. Utachoma mbegu?

Boda wa Igurusi:

Mzee, kwa heshima zote, huku chini kwetu ni joto na maji ya mfereji yapo. Mahindi mabichi kiangazi tunayo, yanapandishwa hadi Uyole kwa magunia. Mwandishi hajakosea.

Mkulima Mstaafu:

Basi angeandika yametoka Igurusi. Neno moja tu. Ningeendelea kusoma.

Mwandishi wa Isyesye:

Mzee shikamoo. Hilo nalichukua, leo hii naongeza gunia la Igurusi. Lakini mzee ulikaa nalo kimya tangu sehemu ya 11? Sehemu 16 nzima ningekuwa na wewe! Na wengine, huu uzi si wa mahindi! Kuna mtu kamsimamishia Bi Tumpe mazishi, kaniambia TUTAMZIKA BAADAYE, na mpaka sasa hakuna aliyejibu kijana alivua nini!

Kipusa wa Soweto:

Viatu?

Kinyozi wa Kabwe:

Kofia. Kama si kofia basi shati.

Mla Ndizi:

Mkuu weka 28 tu, ya nguo tutajua mbele.

Arosto Sugu:

Na wewe umeshaanza kutunyima, kama yule wa buku. Nilisema.

Boda wa Igurusi:

Mzee, kuhusu mahindi, ukipita huku nishtue nikuoneshe shamba. Usiseme hakuna.

Mkulima Mstaafu:

Nakuja Jumamosi. Nitapita na Chimala nichukue mchele.

Msomaji Kimya:

Sweta la shule, la kijani. Kiwiko cha kushoto kina kiraka cha kitenge, Bi Tumpe alikishona mwenyewe sehemu ya 3 kwa mwanga wa kibatari, akajichoma sindano. Ndiyo maana kijana alilitandaza kiraka kikiwa juu. Nimekuwa nasoma tangu mwanzo, huwa siandiki.

Kipusa wa Soweto:

Boda, hayo mahindi ya huko hindi moja bei gani? Nina wageni Jumapili.

Boda wa Igurusi:

Njoo inboksi dada, tunaelewana.