Shafti ya PTO inagonga tukiinua mashine ya kupukuchua, dereva anasema ni kawaida

MamaNeema_Matui
Habari za jioni, wakubwa kwa wadogo. Niko Matui, Kiteto. Trekta langu ni Massey Ferguson 375 la mtumba, huu msimu wa nne niko nalo. Wiki mbili zilizopita nimenunua mashine ya kupukuchua mahindi, ya kubebwa nyuma na kuzungushwa na PTO, kile chuma chenye meno nyuma ya trekta kinachozungushwa na injini. Shafti nilipewa palepale dukani, nikaambiwa inaingia trekta lolote. Kuingia imeingia, ila kwa nyundo. Dereva na kijana wake waligonga karibu nusu saa.

Mashine ikikaa chini inapukuchua vizuri, sina neno. Tatizo ni kuhama shamba. PTO tunazima, tunainua kwa haidroliki, na mashine ikifika usawa fulani nasikia "ngu!" nzito huko ndani ya difu, trekta zima linashtuka. Tukizidi kuinua, kimya. Tangu jana oili inadondoka pale shafti inapochomekwa. Dereva anasema ni kawaida, vyuma vipya vinazoeana. Mimi roho inakataa. Mahindi ya heka kumi na mbili yako juu ya maturubai na majirani wameshapanga foleni. Niendelee au nisimamishe?

Kijana_wa_Haro
Pole mama. Hiyo shafti ni ndefu. Kata bomba la ndani sentimita kumi kwa grainda, dakika tano umemaliza. Na hiyo kava ya plastiki itoe tu, inasumbua kupaka grisi. Yangu haina kava msimu wa pili sasa.

Fundi_Kibaigwa
Mama Neema, simamisha leo hii. Hakuna kuzoeana hapo.

Shafti ya PTO ni mabomba mawili, moja linaingia ndani ya jingine, ili irefuke na kufupika mashine inapopanda na kushuka. Mashine ikiwa chini, shafti imelala mshazari, kwa hiyo imevutika. Ukiinua, inafika mahali meno ya trekta na meno ya mashine yanatazamana usawa mmoja. Hapo ndipo umbali ni mfupi kuliko popote. Yako imejifunga kabla ya kufika hapo, haina pa kwenda, inasukuma chuma cha PTO kiingie ndani. Hiyo ndiyo "ngu" unayoisikia. Sili imeshaumia, kinachofuata ni beringi. Na kwenye 375 oili ya gia na ya haidroliki ni moja, kwa hiyo inayodondoka hapo ndiyo hiyo hiyo inayoinua mashine.

Mdogo wangu wa haro, kwenye urefu umepatia. Lakini ukikata bomba la ndani peke yake, la nje litaenda kugonga uma wa upande wa pili, kile kichwa cha shafti chenye mikono miwili, na hujafanya kitu. Yanakatwa yote mawili, kipimo kimoja, na plastiki zake zote mbili kipimo hicho hicho. Na sentimita kumi umezitoa wapi bila kupima?

La kava nakuomba uirudishe. PTO ya 540, yaani mizunguko 540 kwa dakika, inazunguka mara tisa kwa sekunde moja. Mwaka 2014 shemeji yangu alikuwa anaruka shafti isiyo na kava kufuata gunia upande wa pili, alfajiri ya baridi, kajifunika shuka. Ncha ya shuka ikagusa krosi, kile kiungo cha msalaba kati ya uma na uma. Dereva alikanyaga klachi, lakini alikanyaga nusu, na klachi ya hatua mbili ukiikanyaga nusu matairi yanasimama, PTO inaendelea. Shuka lilikuwa kuukuu, likachanika, ndiyo maana shemeji yupo. Mkono wake wa kulia haunyooki mpaka leo. Grisi unapaka trekta likiwa limezimwa na ufunguo uko mfukoni mwako, kava haikuzuii chochote.

Mama, nipe vipimo viwili. Shafti ikiwa imefungwa kabisa, toka pini ya kufungia ya upande mmoja hadi ya upande wa pili. Halafu inua mashine mpaka meno yatazamane, iwekee magogo chini, zima injini, upime toka mfereji wa pini kwenye meno ya trekta hadi ule wa mashine. Na picha ya shafti.

MamaNeema_Matui
Shafti 82. Trekta hadi mashine 76. Picha hiyo hapo, ni bomba la mraba.

Fundi_Kibaigwa
Umeona? Sentimita sita zinalazimishwa. Ongeza nne za nafasi ya kupumua, jumla kumi. Kijana amebahatika.

Kata kumi kila bomba, la ndani na la nje, msumeno wa chuma unatosha. Piga tupa ndani na nje mpaka kidole kisikwaruzwe, pangusa vumbi lote la chuma, paka grisi. Kisha shusha mashine chini kabisa uangalie mabomba bado yamemezana angalau theluthi moja ya urefu wake. Yakimezana kidogo, shafti itapinda au itachomoka ikiwa inazunguka.

Kwenye picha naona jingine: uma mbili za katikati hazitazamani, moja imesimama na nyingine imelala. Bomba la mraba linakubali kuingia vibaya. Chomoa, geuza robo, zikae sawa. Ukiacha hivyo shafti inatetemeka na kula krosi.

Na nyundo, hapana. Mara nyingi ni rangi ya kiwandani imejaa kwenye meno. Kwangua, piga msasa, grisi kidogo. Zungusha drumu ya mashine kwa mkono mpaka meno yapatane, bonyeza pini, sukuma. Ukisikia "tik", ivute kwa nguvu kurudi nyuma. Isipotoka, imekaa.

MamaNeema_Matui
Fundi, shikamoo na asante. Tumekata jana jioni. Rangi ilikuwa nene mno, nimeikwangua mwenyewe kwa ncha ya kisu. Safari hii imeingia kwa mkono mmoja, dereva akanitazama tu. Tumeinua na kushusha mara sita, kimya kabisa. Ikiwa chini mabomba yanamezana karibu sentimita thelathini. Sili inabadilishwa kesho, na mnyororo wa kava nimeufunga kwenye trekta.

Swali la mwisho: ile bolti ndogo kwenye uma wa upande wa mashine ilikatika siku ya pili, dereva akaweka ngumu zaidi. Ni sawa?

Fundi_Kibaigwa
Marahaba mama. Si sawa, itoe kabla hujawasha. Ile imewekwa ikatike yenyewe drumu likikwama, ili gia boksi ipone. Tafuta ya unene ule ule na namba ile ile iliyoandikwa kichwani, nunua hata kumi uweke kwenye kisanduku cha spana.