Stempu za kale za Meksiko zenye majina ya wilaya: nitajuaje jina lililogongwa ni halisi?

Mleta_Uzi:
Wakuu habari. Naomba ushauri wa mnaozijua stempu za Meksiko za karne ya 19. Kuna fungu linauzwa mtandaoni, stempu sita, muuzaji ameweka picha za mbele tu:

1. Hidalgo 1856, reali 1 ya njano, jina PUEBLA, ina muhuri mweusi wa posta.
2. Hidalgo 1856, reali 2 ya kijani, imetumika, haina jina.
3. Tai (toleo lenye picha ya tai), reali 2 ya chungwa, jina VERACRUZ, namba na 1865, haijatumika.
4. Maximilian 1866, sentavo 25, mpya, haina jina.
5. Hidalgo 1868, sentavo 12, nyeusi kwenye karatasi ya kijani, "haina meno" (vitobo vya kuchania ukingoni).
6. Nusu ya reali 2 ya 1856, imekatwa mshazari, haipo kwenye bahasha.

Anasema zisizo na jina ndizo adimu, kwa hiyo bei yake iko juu. Ni kweli? Na nikiomba picha zaidi, niangalie nini?

Lenzi_Kumi:
Mkuu, kuhusu namba 4 si kweli kabisa. Anza na sababu ya jina lenyewe. Stempu za kwanza za Meksiko zilitoka Agosti 1856 zikiwa na sura ya Miguel Hidalgo, shujaa wa uhuru wa nchi hiyo. Zilitumwa kutoka mji mkuu kwenda ofisi kuu za wilaya za posta, na wizi wa njiani ulikuwa hofu ya kweli. Ndiyo maana stempu haikuwa na thamani mpaka igongwe jina la wilaya. Utaratibu huo ulidumu mpaka miaka ya mwanzo ya 1880. Sisi tumezoea G.E.A. (German East Africa) ya Tanganyika, ambapo chapa ya juu ilibadilisha nchi ya kutumia stempu. Ya Meksiko kazi yake ni nyingine: inasema stempu imefika ilikotumwa na imeruhusiwa kuuzwa hapo.

Sasa utawala wa Maximilian, mfalme wa Meksiko, ulipoanguka 1867, mabaki mengi ya Tai na ya Maximilian zilizochapwa kwa bamba la kuchonga yalibaki bila jina, yakaingia sokoni. Hizo ni rahisi kupata. Namba 4 ni ya kujazia nafasi ya albamu, ilipie hivyo.

Namba 2 ni suala tofauti. Karani aligonga kwa mkono, na mara nyingi jina liliangukia katikati ya stempu mbili au likakosa moja. Mwombe picha kubwa ya kingo zote nne uone kama kuna kipande cha herufi pembeni.

Kibano:
Naongezea hapo kwenye jina. Usichanganyikiwe ukiona MEXICO limegongwa: hilo ni jina la wilaya ya jiji, si la nchi. Jina la nchi tayari limo kwenye mchoro wa 1856, nalo limeandikwa MEJICO, kwa J.

Namba 3 ndiyo ya hatari kuliko zote kwenye fungu hilo. Waghushi hununua Tai mpya zisizo na jina kwa bei ndogo, wanagonga jina na namba, wanauza kama stempu ya wilaya. Lakini Tai zina kinga yake. Za mwanzo, 1864, zilikuwa na jina pekee. Baadaye ikaongezwa namba ya ankara ya mzigo, kisha namba pamoja na mwaka: 1864, 1865, 1866. Kila mzigo uliotumwa wilayani ulikuwa na namba yake, na kumbukumbu zake zilihifadhiwa: namba fulani ya 1865 ilikwenda wilaya gani, ikiwa na stempu ngapi za kila thamani. Mtafiti wa stempu Samuel Chapman alizichapisha orodha hizo 1926, na katalogi za kisasa za Meksiko zimezibeba. Kwa hiyo fanya hivi: soma namba, itafute kwenye orodha ya 1865, uone kama ni ya Veracruz na kama mzigo huo ulikuwa na reali 2 ndani yake. Isipolingana, achana nayo. Ikilingana bado si ushahidi kamili, maana mghushi makini naye ana orodha hiyo hiyo. Hapo unahamia kwenye umbo la herufi: urefu, nafasi kati ya herufi, mikia yake. Linganisha na picha ya mfano wenye cheti, skani ya 1200 dpi kwa zote mbili, uziweke moja juu ya nyingine kwenye kompyuta.

Lenzi_Kumi:
Na wino. Kwa stempu iliyotumika kama namba 1, mpangilio ni karatasi, mchoro, jina, kisha muhuri wa posta. Jina liligongwa kabla stempu haijauzwa, kwa hiyo muhuri lazima upite JUU ya jina. Tafuta mahali mistari inapokutana, tumia lenzi ya mara 10 na mwanga wa ubavuni. Jina likikaa juu ya muhuri, limeongezwa baadaye. Ukiona nukta ndogo ndogo za rangi au ung'avu kama plastiki, ni printa ya ofisini.

Usisahau kulinganisha mji wa muhuri na wilaya. Ofisi kuu iligawa stempu kwa ofisi ndogo zilizo chini yake, kwa hiyo PUEBLA yenye muhuri wa mji mdogo wa wilaya ya Puebla ni sawa, na wengi huilipia zaidi. PUEBLA yenye muhuri wa wilaya nyingine inataka bahasha nzima kuithibitisha.

BahashaYaKale:
Namba 6 isinunuliwe. Kukata stempu kulifanyika kweli: nusu ya reali 2 ilitumika kama reali 1, hata robo ya reali 8 kama reali 2. Lakini uhalali wake unaonekana kwenye bahasha tu, muhuri ukivuka mstari wa mkato na kuingia kwenye karatasi ya barua. Ikiwa peke yake, mkasi wa jana na wa 1857 havitofautishiki.

Namba 5: toleo la 1868 lipo lenye meno na lisilo na meno, na watu hupunguza meno kwa wembe. Isiyo na meno iwe na ukingo mpana pande zote nne. Ukingo ukiwa mwembamba hata upande mmoja, ihesabu kuwa imekatwa.

Ukizipata, usizitie majini kabla ya kuzikagua, hasa za karatasi ya rangi za 1861 na 1868. Karatasi hutoa rangi na bei inaanguka. Taa ya urujuanimno itakuonyesha alama za kalamu, zilizowekwa badala ya muhuri, ambazo zimefutwa.

Mleta_Uzi:
Asanteni sana. Kwa hiyo nichukue ya 1 na ya 2, nyingine niache?

Kibano:
Ya 1, akikutumia picha ya nyuma na ya mkutano wa wino. Ya 2 kwa bei ya reali 2 ya kawaida, kwa sababu reali 2 ndiyo unayoikuta kwa wingi kwenye toleo hilo. Ya 3 usilipe mpaka akubali sharti la kurudishiwa pesa ikikataliwa na wataalamu. Mexico-Elmhurst Philatelic Society International wana huduma ya kukagua na kutoa vyeti; mwambie utaituma huko, usome jibu lake.